Mzee anashuka mu treni, sisi tunamunyoshea mikono

Kila kiangazi, wakati watoto wa masomo wako mu vakansi, bazee wa pansio wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanakuja hapa Kamina kuona ndugu. Wanakuja mzee na mama, na valizi mbili. Kisha wanaendelea mbele Kabongo, ao wanarudia nyuma Bukama kwenye samaki ya kukausha.

Na sisi? Mama hajanawa hata miguu, tumekwisha kuleta mashida: minervale, deni, mabati. Tunasema: "Ule alitumika Gécamines, hawezi kukosa." Lakini mu mwaka 2003 zaidi ya watumishi 10 000 walitoka Gécamines kwa ile départ volontaire. Walipewa franga mara moja, si kila mwezi! Ile franga ingali wapi leo?

Sisi wenyewe tulimufanyia baba yetu mukubwa vile vile. Aliuza redio yake hapa sokoni apate tikiti ya kurudia. Mama alinyamaza tu mpaka ku gare.

Kiangazi hiki tulipatana mu jamaa: tikiti ya kurudi, sisi njo tutalipa. Mashida yetu tutayasema sisi kwa sisi. Bazee bakuje, bakule bukari, balale.