Vibao vya Kumbukumbu Butembo na Beni: Majibu kwa Wanaovikataa

Kila mara mtu anapopendekeza barabara kuu za Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ziwekewe vibao vinavyoeleza nani alijenga wapi, nani aliuawa wapi na mwaka gani, majibu huwa yale yale. Wanaoyatoa ni wafanyabiashara, vijana, hata watu wa komine, na wengi wao wanaipenda miji hii kwa dhati. Ndiyo maana madai yao yanastahili kujibiwa moja moja.

"Miji yetu ni ya juzi, haina historia."
Kampuni ya dhahabu ya Minière des Grands Lacs iliweka kambi Butembo miaka ya 1920. Mapadre Waasumptionisti walifika eneo hili mwaka 1929, Beni ikawa jimbo kamili la Kanisa mwaka 1959, na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kikaanzishwa Butembo mwaka 1989. Kabla ya wote hao, Wanande walikuwa na mashamba, vijiji na wami (machifu) wao kwenye vilima hivi. Umri peke yake haufanyi barabara iwe ya kihistoria. Mitaa ya Edinburgh, Uskoti, inayoitwa Mji Mpya, ilichorewa ramani mwaka 1767. Ilikuwa mipya kwelikweli. Iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995 kwa kuwa kila kizazi kiliitunza na kuiandika. Kongo ina maeneo matano kwenye orodha hiyo, na yote ni mbuga na misitu, Virunga ikiwa ya kwanza mwaka 1979. Sokwe wetu wanajulikana duniani. Kazi ya mikono ya watu wetu bado.

"Majengo ya zamani ni ya mkoloni, yaacheni yaanguke."
Mkoloni alitoa amri. Waliochoma matofali, waliobeba mawe na waliopasua mbao ni babu zetu, wengi wao kwa kulazimishwa. Jengo likibomolewa bila maandishi, ushahidi wa jasho lao unaondoka nalo. Tena kibao si lazima kisifu. Kinaweza kueleza kodi, kiboko, na familia zilizohamishwa kutoka bonde la Semliki wakati Hifadhi ya Albert (Virunga ya leo), iliyoanzishwa mwaka 1925, ilipokuwa ikipanuliwa. Zanzibar walilikubali jambo hili zamani: mahali palipokuwa soko la watumwa panatambulishwa wazi kwa kila mgeni, na hakuna anayesema Wazanzibari wanausifu utumwa.

"Watu wanakufa, vibao ni anasa."
Hili ndilo dai zito kuliko yote, na linatoka kwenye maumivu ya kweli. Tangu Oktoba 2014 Beni imezika watu wengi mno waliouawa kwa mapanga na risasi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 iliua watu 2,287. Lakini tazama kilichobaki mikononi mwetu: hesabu. Majina yamebaki kwa mama zao. Dakt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kututibu, aliuawa kwa risasi tarehe 19 Aprili 2019 ndani ya hospitali ya chuo kikuu, Butembo. Mwanafunzi wa udaktari anayepita pale anastahili kulisoma jina hilo. Kibao hakimnyang'anyi mkimbizi chakula chake. Kinamwambia kwamba ndugu yake aliyeuawa alikuwa mtu, na kwamba mji unamhesabu kuwa wake.

"Majina yataleta ugomvi."
Majina tayari yapo. Beni kuna mzunguko wa Nyamwisi, na kila dereva wa pikipiki anaujua. Je, kila kijana anajua kwamba Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa aliyempinga Mobutu, aliuawa Butembo mwaka 1993? Jina lisilo na maelezo ndilo linaloacha nafasi ya uzushi, na sisi tunajua uzushi unazaa nini: Februari 2019 vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Dawa ni kuandika yaliyothibitishwa tu: tarehe, tendo, mahali. Wazee, walimu wa historia na familia zinazohusika wayapitie maneno kabla fundi hajayachonga.

"Hiyo ni kazi ya Kinshasa."
Sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu tarehe 15 Machi 1971. Ila Butembo haijawahi kukaa ikingoja Kinshasa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo hili la Kanisa kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza waumini na wafanyabiashara kutengeneza barabara kwa salongo, yaani kazi ya pamoja, na kuanzisha chuo kikuu chao. Waasi wa RCD walipomfukuza Bukavu, alikokuwa askofu mkuu, Februari 2000, ni Butembo walikomleta, na ni hapa alikoishi uhamishoni hadi Septemba. Alifariki Roma mwezi uliofuata. Mji uliofungua barabara zake kwa majembe hauwezi kushindwa na kibao cha chuma na mfuko wa saruji.

Basi kila komine ichague mahali patatu mwaka huu, iwakusanye wanaokumbuka wakiwa bado hai, na ipige picha kila nyumba ya zamani kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa. Mwenye nyumba ajenge ghorofa yake. Ni haki yake. Tunachomwomba ni nafasi ndogo ukutani, iandikwe ni nani walitangulia pale.