Hii sheria wanatushika nayo ilitoka Australia

Mwaka jana binamu yangu alishikwa akiwa ameketi kwenye ukuta wa ploti yao, saa tatu usiku, yeye na maboi wawili, wanakula mayai pasua. Hakuna aliyekuwa anapigana. Hakuna aliyekuwa amelewa. Lori likasimama, makarao wakaruka chini, na saa nne hivi alikuwa selo. Kosa lililoandikwa: kujiweka hadharani kwa namna inayoweza kuvuruga amani. Mama yake akakopa pesa ya dhamana kwa chama. Kesi ikatajwa mara tatu, mashahidi hawakuja hata siku moja, ikatupwa.

Nilipoposti hiyo stori komenti zilikuwa zile za kawaida, pole huku, matusi kule. Lakini kuna moja ilirudi mara nyingi mpaka ikanikera: sheria ni sheria, buda.

Sawa. Lakini umewahi kujiuliza hiyo sheria iliandikwa na nani, wapi, na ikilenga nani? Mimi sikuwa nimewahi. Nikaanza kuifuatilia nyuma, vile unafuatilia video iliyoibwa kutoka akaunti moja hadi nyingine mpaka ufike kwa mwenye aliirekodi kwanza. Nikajikuta Brisbane.

Tuanze hapa nyumbani. Kosa la binamu yangu liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 182, mahali wanapozungumzia watu "wazembe na wakorofi". Kanuni hiyo ilianza kutumika Kenya tarehe 1 Agosti 1930. Kabla ya hapo, tangu 1897, korti za huku zilikuwa zinatumia Kanuni ya Adhabu ya India, ile ambayo rasimu yake iliandaliwa na Thomas Macaulay kule Calcutta miaka ya 1830 na kupitishwa 1860. Yaani mtu akiiba mbuzi Kiambu mwaka wa 1910, alihukumiwa kwa maneno yaliyotungwa Calcutta. Si ajabu sana ukikumbuka kwamba hata pesa ya huku wakati huo ilikuwa rupia. Waingereza walikuwa wanaiendesha Afrika Mashariki kama chumba cha nyuma cha India.

Walowezi wazungu hawakuipenda. Si kwa sababu iliwaumiza Waafrika, hapana. Waliona ni aibu Mzungu kuhukumiwa kwa sheria ya "Wahindi", ingawa aliyeiandika alikuwa Mwingereza mwenzao. Walitaka sheria ya kwao Uingereza. Na hapa ndipo stori inakuwa tamu, kwa sababu Uingereza haikuwa na kitu cha kuwapa. Mwanasheria mmoja mkubwa, James Fitzjames Stephen, aliandika rasimu ya kanuni ya jinai mwaka wa 1878, na bunge lao likashindwa kuipitisha. Mpaka leo unaposoma hii, Uingereza haina kitabu kimoja cha sheria ya jinai kama chetu. Waligawia makoloni chakula ambacho wenyewe waliacha kwenye sahani.

Rasimu ya Stephen ilipokufa London, ilifufuka mbali sana. Samuel Griffith, mzaliwa wa Wales aliyekuwa waziri mkuu wa Queensland na baadaye jaji mkuu wake, aliichukua, akachanganya na mambo mengine. Mchango mkubwa ulitoka Italia, kwenye kanuni yao mpya ya 1889 iliyoitwa kwa jina la waziri Zanardelli. Griffith alikisoma Kiitaliano vizuri, hata baadaye akamtafsiri Dante kwa Kiingereza. Kwa hivyo sheria yetu ina damu ya Kiitaliano, jambo ambalo sijui nifanye nalo nini ila kuwaambia tu.

Kanuni ya Griffith ilipitishwa 1899 na kuanza kazi Januari 1901. Na hiyo Queensland haikuwa shule ya haki. Mwaka wa 1897, Griffith akiandaa rasimu yake, koloni lake lilipitisha sheria ya kuwatoa Waaborijini, wenyeji wa ile ardhi, kwenye makazi yao na kuwapeleka kwa nguvu kwenye hifadhi. Kumbukeni hilo.

Kutoka Australia kanuni ikaruka hadi Nigeria ya Kaskazini mwaka wa 1904. Kamishna Mkuu huko alikuwa Frederick Lugard. Kama unatoka Dagoretti hilo jina unalijua, ndiye alijenga ngome pale 1890 akiwa na kampuni ya Waingereza. Alihitaji sheria ya haraka, hii ilikuwa tayari, imeandikwa kwa Kiingereza, imepangwa kwa vifungu. Wakanakili. 1916 ikaenea Nigeria yote. Halafu Ofisi ya Makoloni kule London ikaona, aa, hii ya Nigeria inafaa, tuwape na wengine. Cyprus ikapata yake 1928. Karibu 1930 ikawa zamu ya Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (ndiyo Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Zanzibar 1934. Palestina 1936. Chukua kitabu cha Kampala, cha Dar na cha Nairobi, uviweke kwa meza moja, utaona sentensi nzima nzima zinafanana, namba tu za vifungu ndizo zimesonga. Sheria yetu ni riposti ya riposti ya riposti.

(Na kichekesho: Nigeria ya Kaskazini, iliyotangulia Afrika kuipokea, iliiacha mwaka wa 1960. Ilichukua nini? Kanuni iliyotoka Sudan, ambayo nayo ilikuwa imetoka kwa ile ya India. Mzunguko kamili.)

Kile kipande cha "wazembe na wakorofi" lakini kina ukoo wake. Hayo maneno yanatoka kwa sheria ya Uingereza ya 1824 dhidi ya wazururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeisha, askari wamerudi nyumbani hawana kazi, maskini wanalala barabarani, na wakubwa wakaona suluhisho si kazi wala nyumba bali ni jela. Ukionekana huna kitu na huna pa kwenda, hilo lenyewe ni kosa. Hakuna anayehitaji kuthibitisha umeiba. Inatosha unafanana na mtu ambaye angeiba.

Sasa lete huo mtazamo Nairobi ya miaka ya 1920, ambapo Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande chake kwenye kikopo shingoni, na kama hana mwajiri hana sababu ya kuwa mjini. Kwa serikali ya wakati huo hii sheria haikuwa na kasoro yoyote. Ilifanya kazi iliyotakiwa: kijana mweusi aliyeketi tu, bila bosi, ni tatizo la polisi.

Kijana aliyeketi tu. Kwenye ukuta. Anakula mayai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulipata nafasi ya kuirudisha kwa wenyewe na hatukuirudisha. Mwaka wa 1953, Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu, kosa likiwa kusimamia chama haramu, Mau Mau. Kosa hilo lilitoka kwenye kanuni hiyo hiyo ya 1930. Ungedhani mtu akifungwa na kitabu, siku atakayokalia kiti atakitupa motoni. Kenyatta akawa rais, kitabu kikabaki. Kosa la uchochezi, lile la kusema kitu kinachofanya watu waichukie serikali, lilitungwa kuwalinda magavana. Mwaka wa 1982, chini ya Moi, mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka 6 kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Kosa hilo lilifutwa 1997 tu, baada ya shinikizo la mageuzi kabla ya uchaguzi.

Najua kuna mwenye atasema: sasa unataka nini, kila mtu aandike sheria yake kutoka sifuri? Wizi ni wizi, kuua ni kuua, hata kama aliyeandika alikuwa Australia. Nakubali. Sheria kuvuka mipaka si dhambi. Katiba yetu ya 2010 yenyewe iliazima mengi Afrika Kusini na tunaipenda. Na tusidanganyane, si kila ubaya uliletwa na meli. Kifo cha lazima kwa wizi wa mabavu tulikiweka wenyewe miaka ya 1970, bendera yetu ikipepea, bila Mzungu yeyote kutushika mkono.

Shida yangu ni hii: wenye video waliendelea kuihariri, sisi tukabaki na nakala ya zamani. Angalia kujaribu kujiua. Kanuni ya 1930 ilisema ukijaribu kujiua ukashindwa, wewe ni mhalifu. Hiyo ilikuwa sheria ya Uingereza pia. Wao waliifuta 1961, miaka miwili kabla sisi tupate uhuru. Sisi? Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba tarehe 9 Januari 2025. Hesabu hiyo miaka. Miaka 64 ambapo mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake, akaokolewa na majirani, angeweza kuamka hospitalini akute karao kando ya kitanda. Familia zilikuwa zinadanganya daktari, ati alikunywa kwa bahati mbaya, ili mtoto wao asishtakiwe. Mtaani kwetu hilo linajulikana hata kama halisemwi. Na kwa muda wote huo tulikuwa tunailinda kama mila yetu, tukisema Waafrika hatutaki mambo ya wazungu, kumbe mambo ya wazungu ndiyo hayo tuliyokuwa tumekumbatia, na wazungu wenyewe walishaachana nayo.

Habari njema ni kwamba hata kukataa kunavuka mipaka. Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alishikwa alfajiri akienda kuuza, akashtakiwa kwa uzururaji, kwa kitabu ambacho ni ndugu wa damu wa chetu. Akapinga. Januari 2017 mahakama yao kuu ikasema hilo kosa linakiuka katiba. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha tu, ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika na nchi zinafaa kuzirekebisha. 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikaangusha sehemu ya sheria kama hiyo ya kwao. Mwaka huo huo hata bunge la Uingereza likapitisha kwamba ile sheria ya 1824 ifutwe. Na huku, 2017 mahakama ilifuta kosa la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa serikali, kupitia kesi ya bloga. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru ikaangusha vifungu vya uasi vya kifungu cha 77, baada ya kijana kushtakiwa kwa sababu ya alichoandika mtandaoni.

Lakini mnaona jinsi inavyokwenda? Kifungu kimoja kimoja. Na kila kifungu kinahitaji mtu kwanza ashikwe, alale selo, apate wakili mwenye moyo, asubiri miaka. Binamu yangu hakupata wakili. Alipata tarehe tatu za kutajwa. Kanuni ya 1930 ililetwa mara moja, kitabu kizima. Bunge letu lina uwezo wa kukifungua kitabu kizima vilevile, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kuuliza kila kifungu: wewe unamlinda nani? Tunawalipa wabunge pesa nyingi kuliko hata kuuliza hilo swali.

Kwa hivyo mkiniambia sheria ni sheria, nitawauliza tu ipi. Ya Calcutta, ya Roma, ya Brisbane, au ya mwanajeshi maskini wa London mwaka wa 1824?

Ile pesa ya dhamana, by the way, mpaka leo haijarudishwa. Kila akienda anaambiwa faili haionekani, arudi Jumatatu. Chama kilimalizwa kulipwa mwezi wa nne.