Lubumbashi: Kabla ya kununua klimatizeri, tengeneza kwanza umeme wa nyumba

Mwezi wa tisa na wa kumi, mbele ya mvua kuanza, joto la Lubumbashi linanyima watu usingizi. Mwenye uwezo ananunua klimatizeri. Lakini wengi wetu tunahesabu bei ya mashine tu, waya tunasahau.

Ni kosa. Klimatizeri ndogo ya chumba inakula karibu wati 1.000, tena usiku mzima. Ukiichomeka pamoja na friji kwenye ralonji nyembamba, ralonji inachemka, plastiki inayeyuka, moto unashika pazia. Fundi wa umeme aipe waya wake peke yake, disjonkta yake na waya wa ardhi.

Umeme wa SNEL ukikatika, zima mashine. Ukirudi, ngoja dakika tano: mara nyingine unarudi na nguvu kupita kiasi, na motere inaungua.

Jambo zito zaidi ni jenereta. Klimatizeri ya ukutani haileti hewa mpya, inazungusha ile ya chumbani. Jenereta ikinguruma barazani, gesi yake isiyo na harufu inaingia ndani na kubaki. Watu wanalala, hawaamuki. Iwekwe nje, mbali na madirisha.

Chujio lioshwe kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi wakati wa vumbi.

Asiye na pesa ya fundi, kwa maoni yangu, abaki kwanza na vantilateri. Joto litapita mvua ikinyesha, aliyekufa harudi.