Ofisi ilipie baiskeli kama inavyolipia mafuta

Alfajiri, kabla foleni haijashika pale Mwenge, barabara za Dar es Salaam zina waendesha baiskeli wengi kuliko wanavyodhani wale wanaotoka nyumbani saa mbili. Ni walinzi wanaorudi kutoka lindo, wauza mikate, waashi waliofunga mwiko na ndoo kwenye keria, na wasafishaji wa ofisi wanaotakiwa kufika kabla ya mabosi. Hakuna aliyewahi kuwahimiza walinde tabianchi. Wanaendesha kwa sababu nauli ya kila siku inauma. Kampeni yoyote ya kuwataka wafanyakazi waende kazini kwa baiskeli ingepaswa kuanzia kwao.

Badala yake, katika ofisi nyingi meneja ana gari, mafuta ya kampuni na nafasi ya kuegesha iliyoandikwa cheo chake. Mhudumu aliyekuja kwa baiskeli huambiwa aifunge kwenye nguzo nje ya geti, na ikiibiwa ni shauri yake. Mwajiri anagharamia moshi, halafu anaandaa semina ya mazingira.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Mtumishi anayeishi kilomita 10 kutoka kazini, mwenye gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100, huchoma lita mbili kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi anafikia kilo 100 hivi, na mwaka hauishi kabla hajapita tani moja. Mara nyingi yuko peke yake ndani ya gari la viti vitano.

Ubelgiji walilitazama jambo hili kama suala la malipo. Kuanzia Mei 1, 2023, kwa makubaliano ya kitaifa kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, mfanyakazi wa sekta binafsi ambaye sekta yake haikuwa na mpango kama huo alianza kulipwa senti 27 za yuro kwa kila kilomita anayokwenda kazini kwa baiskeli, mwisho kilomita 20 kwa safari moja. Anayeishi kilomita 10 kutoka kazini alipata yuro 5.40 kwa siku. Uingereza ilipita njia nyingine tangu 1999: mwajiri hununua baiskeli, mfanyakazi huilipia kwa makato ya mshahara kabla ya kodi. Kwa watumishi wa Tanzania waliozoea makato ya SACCOS, mpango huo hauna ugeni wowote.

Joto la Dar ni hoja ya kweli, lakini dawa yake ni bafu na chumba cha kubadilishia nguo. Nafasi moja ya gari inatosha baiskeli kama 10.

Usalama ni mgumu zaidi, na hapa hakuna haki ya kumlaumu anayeogopa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli pamoja na mwendokasi, ila pikipiki hupita humo na magari huegeshwa humo. Kwenye Barabara ya Mandela mwendesha baiskeli anagombea nafasi na malori ya makontena yatokayo bandarini. Nairobi, katika sera yake ya mwaka 2015, iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Dar inahitaji kiwango chake, kilichoandikwa na kinachoweza kudaiwa.

Waajiri hawana haja ya kusubiri barabara zote ziishe. Mabenki, mashirika ya umma na vyuo vinaweza mwezi huu kutenga maegesho yenye mlinzi, na kumlipa anayekuja kwa baiskeli posho ya usafiri sawa na mwenzake wa daladala. Serikali nayo iiondolee kodi posho hiyo. Siku ya Baiskeli Duniani ni Juni 3, mwezi ule ule ambao bajeti husomwa Dodoma.