Tusibahatishe na Kanzidata za Umma

Vyaelea, vimeundwa. Mwananchi wa Unguja au Pemba anayefika kituo cha afya na kumkuta muuguzi akiingiza idadi ya watoto waliochanjwa katika kompyuta, haoni ila kioo na vidole vinavyobofya. Nyuma ya kioo kile kuna kanzidata, yaani majedwali mengi yaliyofungamana, na majedwali hayo hayabaki kama yalivyoundwa siku ya kwanza. Safu huongezwa, jedwali hugawanywa, jina hubadilishwa. Katika mifumo iliyotengenezwa vyema kazi hiyo huachiwa programu maalumu ya kusimamia mabadiliko ya muundo, nayo kila inapobadilisha kitu huandika katika daftari lake lililomo humo humo ndani ya kanzidata.

Tumeona vyema leo kulisemea daftari hilo, kwa sababu ofisi za umma hubadilisha wataalamu. Mkataba wa mmoja humalizika, mwengine huja, na pengine anachokabidhiwa ni neno la siri tu. Mgeni huyo akitumia programu aliyoizoea yeye, pasipo kwanza kujua ni ipi iliyokuwa ikiitunza kanzidata ile, basi nyumba moja imepata waashi wawili wasiojuana.

Kuitambua programu hiyo si uganga. Yatazamwe kwanza majina ya majedwali. Likiwapo flyway_schema_history, mtunzaji ni Flyway. Kabla ya toleo la 5 daftari lake liliitwa schema_version. Likiwapo DATABASECHANGELOG pamoja na mwenzake wa kufuli, DATABASECHANGELOGLOCK, mtunzaji ni Liquibase. Django huacha django_migrations, Alembic huacha alembic_version, na Entity Framework Core ya Microsoft huacha __EFMigrationsHistory.

Hata hivyo, jina peke yake lisiwatosheleze wahusika. Jedwali liitwalo schema_migrations hutumiwa na Rails na pia na golang-migrate. Hapo hapana budi kuzitazama safu: Rails huweka safu moja tu, version, ilhali golang-migrate huongeza ya pili, dirty, inayoonyesha kama badiliko la mwisho lilikatikia njiani. Tena jina laweza kubadilishwa na aliyeutengeneza mfumo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika Kenya, Uganda na Rwanda, umo mikononi mwa Liquibase, lakini daftari lake huitwa liquibasechangelog. Fundi aliyekariri jina moja tu atapita mbele yake na kuapa kwamba hakuliona. DHIS2 nayo, ambayo husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ndiyo inayokusanya takwimu za afya hapa Zanzibar, hutumia Flyway.

Na yakikutwa madaftari mawili? Hapo ziulizwe tarehe. Flyway huziweka katika safu ya installed_on, Liquibase katika DATEEXECUTED, Django katika applied. Alembic haina tarehe wala historia. Huhifadhi nambari ya toleo la sasa tu, kwa hiyo lazima msimbo wenyewe wa mfumo ufunguliwe, yatafutwe mafaili ya mabadiliko na faili la alembic.ini.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni pale daftari lisipoonekana kabisa. Hiyo si idhini ya kuanza upya. Yawezekana mabadiliko yalifanywa kwa mkono, au na Hibernate, ambayo ikiruhusiwa hurekebisha majedwali yenyewe mfumo unapowashwa na haiandiki popote. Flyway, kwa busara ya walioitunga, hukataa kufanya kazi katika kanzidata yenye majedwali lakini isiyo na daftari lake. Lakini pia imepewa njia ya kuukwepa ukatazo huo, iitwayo baselineOnMigrate, na fundi mwenye haraka huijua. Akiifungua, Flyway huandika mstari mmoja wa mwanzo, hudhania kuwa kila badiliko lenye nambari ile au iliyo chini yake limekwisha fanyika, kisha huyaendesha yaliyobaki. Lau lilikuwapo daftari la programu nyengine lenye jina asilolijua, tangu siku hiyo yapo mawili, na hakuna hata moja linalosema kweli yote.

Wapo wakuu wa idara watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Hatukubaliani nao. Mkuu hahitaji kujua kuandika msimbo ili aulize daftari ni lipi, kama asivyohitaji kuwa mhasibu ili aitake leja. Kanzidata ikivurugika, si fundi atakayesimama foleni Micheweni au Makunduchi akiambiwa kumbukumbu zake hazionekani.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mkataba wa mfumo wa umma udai karatasi moja ya makabidhiano: jina la programu inayosimamia muundo, toleo lake, jina la jedwali la daftari, na mahali yanapohifadhiwa mafaili ya mabadiliko. Fundi mpya aithibitishe karatasi hiyo juu ya nakala ya kanzidata, si juu ya kanzidata inayotumika, na atie saini. Na fundi anayeondoka asilipwe fungu lake la mwisho mpaka saini hiyo iwepo.