"Babu, Uliua Wangapi?"

Leo niache niongee kama mama, maana mwezi huu nimeaibika ukweni.

Mwanangu ana miaka 13 na ni mgonjwa wa sinema za vita, hasa zile zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Commando ya Schwarzenegger, ya mwaka 1985, ameitazama mpaka basi. Anahesabu maiti kwa sauti, sisi tunacheka. Lakini Hotel Rwanda ya 2004 nilimkatalia katakata. Hiyo ya wakubwa, nikamwambia.

Likizo tukaenda Kwakoa, Upareni kule tambarare, kwa baba mkwe. Mzee alipigana Vita vya Kagera, toka mwishoni mwa 1978 mpaka Kampala inatekwa Aprili 11, 1979. Tuko kwenye makande, mtoto akamtupia: "Babu, wewe uliua wangapi?"

Jamani! Mzee aliweka kijiko chini, akatoka nje gizani. Hakurudi kumalizia chakula. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku ule sikulala. Kumbe nilichoruhusu ni sinema ambayo watu wanakufa kama kuku na hakuna mama anayelia. Nilichokataza ndicho chenye kilio.

Tuliporudi Dar tukaitazama Hotel Rwanda pamoja, rimoti mkononi mwangu. Baba yake alinuna: "Ataota huyo." Na kweli aliota, akaja kulala chumbani kwetu, jitu zima lile! Asubuhi maswali: ni kweli yale? Nikamwambia ni kweli, mwaka 1994, siku kama 100 tu, na waliokimbia walivuka Rusumo wakaingia Ngara, hapa hapa kwetu. Baadhi ya vigogo wakaja kuhukumiwa Arusha.

"Arusha hii hii ya shangazi?"

Hii hii.

Ila video za kwenye simu bado sikubali, hata mje na wazee. Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, nilikuta kwenye simu yake maiti za kweli, karushiwa na wenzake wa darasani, na vicheko juu yake. Nilifuta zote mbele yake. Ule ni msiba wa mtu, shoga, na mwenye msiba hajaulizwa.

Jumamosi iliyopita alimpigia babu yake mwenyewe, bila kutumwa. Nilijibanza mlangoni nisikie.

"Babu, kule vitani mlikuwa mnakula nini?"

Mzee aliongea mpaka salio likaisha.