Punje mbili: SS haitoki kwa mama peke yake



Juma hili, darasani, tulifika kwenye somo la urithi wa damu. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama SS inatoka kwa mama, baba yeye anatoa nini?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilitoka nyumbani. Hapa Kasenga tumeona mama akirudishwa kwao pamoja na watoto wagonjwa, kwa sababu jamaa ya mume walisema damu yake ni mbaya.

Basi tulete somo jikoni. Twaeni mabakuli mawili na maharagi. Katika kila bakuli tieni punje mbili: moja nyeupe, moja nyekundu. Bakuli moja ni mama, lingine ni baba. Nyeupe ni A, nyekundu ni S. Wazazi hawa wote wawili ni AS. Wana afya, wanalima, wanavua samaki Luapula, wala hawajui kwamba wanabeba S.

Sasa fumbeni macho, mtoe punje moja katika kila bakuli. Hizo mbili ndizo mtoto. Kuna njia nne tu: nyeupe mbili, mtoto ni AA, nyeupe ya mama na nyekundu ya baba, ni AS, nyekundu ya mama na nyeupe ya baba, ni AS tena, nyekundu mbili, ni SS. Ni njia moja katika nne. Na tazameni vizuri: bila nyekundu ya baba, SS haipatikani.

Mwingine atasema: "Mbona mimi nina watoto watatu, wote SS?" Rudisheni punje, mtoe tena. Bakuli halikumbuki lilitoa nini jana. Kila mimba ni kutoa upya.

Na hiyo S ni kitu gani? Ndani ya chembe za mwili kuna DNA, maandishi yanayouambia mwili namna ya kujijenga. Katika S, herufi moja tu imebadilika. Ninyi mnajua herufi moja inavyoweza kufanya: "mama anapika" si sawa na "mama anapiga". Kwa sababu ya herufi ile, chembe nyekundu za damu zinapokosa hewa hujikunja kama mundu. Zinaziba mishipa, mtoto analia mifupa. Zinakufa mapema, damu inapunguka.

Si uchawi wala laana. Mwaka 1954 mganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto AS hustahimili malaria kuliko mtoto AA. Ndiyo maana S imebaki nyingi katika nchi zetu zenye mbu. Lakini mtoto SS hana kinga hiyo: malaria humwumiza sana.

Tufanye nini? Vijana wanaotaka kuoana wapimwe damu kwanza, wote wawili. Kipimo kinaitwa elektroforezi. Mtoto SS alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, apate chanjo zote, asiachwe kwenye baridi. Akipata homa, msingoje kesho: nendeni hospitali siku ileile. Muulizeni mganga pia habari za haidroksiurea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliofanyika Kinshasa na katika nchi nyingine tatu za Afrika, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto SS. Lakini isinunuliwe ovyo sokoni, maana inataka kupimwa damu mara kwa mara.

Yule msichana tulimpa mabakuli, akatoa punje mwenyewe mbele ya wenzake. Mara ya tano zilitoka nyekundu mbili. Akasema polepole: "Kumbe ni wote wawili."

Mama, leo jioni wekeni mabakuli mezani. Na baba akirudi, yeye ndiye atoe punje ya bakuli lake.